Bunda la Heshima Nililopeleka Runyenjes

Walimu wenzangu, simu zenu nimeziona. Mmoja ananiuliza kama nilipokelewa, mwingine kama nilifukuzwa na mbwa, na kuna mmoja, sitamtaja na anajijua, ananiuliza kama huko Embu nilikula vizuri. Siwezi kulisimulia jambo hili kwa kila mtu peke yake, maana kila nikianza, salio la simu linaisha kabla sijafika Chuka. Kwa hiyo nimeketi mezani niandike yote kwa mkupuo, kwa Kiswahili kile kile tulichofundisha, ili nanyi msiojua Kimeru msome bila kumsumbua mtu.

Wengi mnajua kilichotokea, lakini nitarudia kwa ajili ya waliosikia nusu. Kijana wangu Kirimi, kitinda mimba wangu, alikuwa dereva wa pikapu ya miraa, zile zinazotoka huku kwetu Igembe zikikimbilia Nairobi kana kwamba zinafukuzwa. Asubuhi moja, karibu na Runyenjes, alimgonga baba mmoja aliyekuwa akivuka barabara na mtungi wa maziwa. Yule baba alifariki pale pale. Kirimi alitoka na mkono uliovunjika. Kesi ipo kortini na itakwenda inavyokwenda. Mimi sikwenda Runyenjes kwa habari ya kesi, na naomba mlielewe hilo tangu sasa, kwa sababu huko nilikokwenda kuna mtu alikataa katakata kulielewa.

Kilichonipeleka ni kwamba mtoto alikuwa anakufa mbele ya macho yangu. Alirudi nyumbani kwa dhamana, akaingia katika chumba chake cha mbao, akakataa chakula. Maji anakunywa, chai ya rangi nikimlilia sana, basi. Suruali ikawa haikai kiunoni. Watu wa kanisa walikuja kwa zamu, Mungu awabariki, wakamwambia, "Kirimi, Mungu amekusamehe, hayo yamekwisha." Yeye anaangalia ukuta. Wakitoka, ananiambia, "Mama, usiwaache waingie tena."

Na mimi niliyefundisha watoto wa Jumapili miaka yote hiyo, nilikuwa nikipiga magoti maneno hayaji. Nilisema tu, "Bwana, Kirimi. Bwana, Kirimi," nikanyanyuka. Siku moja niliponyanyuka hivyo nilijua kwamba lazima niende nikamwone mke wa yule marehemu. Msiniulize kama nilisikia sauti. Sikusikia. Nilijua tu, na nikaogopa.

Maua, na mzigo usio wangu

Kwetu mtu haendi kuomba jambo zito mikono mitupu. Mzee M'Ithinji, baba mdogo wa marehemu mume wangu, aliposikia ninasafiri alikuja kwangu na ncoolo. Kwa msiojua, ncoolo ni bunda la miraa teule iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na hupelekwa na mtu anayekwenda kuposa, au kupatanisha, au kuomba asikilizwe. Hiyo si miraa ya kutafuna njiani. Mwenyeji akilifungua bunda, amekubali kukusikiliza. Akiliacha lilivyo, chukua njia yako.

"Huu si mzigo wa wanawake," mzee aliniambia. "Lakini wanaume wa boma hili nimebaki mimi, na magoti yangu hayafiki Runyenjes. Utaliweka chini kwa mikono miwili. Usiseme neno mpaka wakuulize."

"Baba, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na hilo kanisa lilijengwa na nini?"

Na ni kweli. Mchungaji wetu huhubiri dhidi ya kutafuna, sisi tunaitikia amina kwa sauti kubwa, kisha kikapu cha sadaka kinapita na kila noti iliyomo imetoka kwenye miti hiyo hiyo. Mzee alikuwa amepanda juu ya mti mwenyewe, na umri wake huo, akachagua vijiti vyekundu kimoja kimoja. Ningelikataaje? Nikalitia ndani ya kiondo, nikalifunika na leso.

Msafiri mwenzangu alikuwa Mama Kathure, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Ni mwanamke wa roho nzuri, lakini maombi yake, ewe Mola! Kabla gari halijaondoka Maua alisimama akaliombea: dereva na familia yake, breki, magurudumu yote pamoja na lile la akiba, na wahandisi waliotengeneza barabara, walio hai na waliokufa. Abiria mmoja akauliza kama tunakwenda Runyenjes au mbinguni. Mimi sikucheka. Nilikuwa na wivu, kwa kweli. Yeye maneno yanamfurika na mimi sina hata moja.

Kangeta hadi Nkubu

Gari lilisimama Kangeta kuchukua watu, na hapo nilitamani kushuka nirudi nyumbani. Soko lilikuwa limechangamka. Wanaume wanahesabu mabunda, wengine wanafunga turubai juu ya pikapu, na dereva yuko kwenye usukani tayari, injini inanguruma. Mmoja wa madereva hao alinitambua, akaja dirishani mbio.

"Mwalimu! Kirimi anaendeleaje? Mwambie kiti chake kipo, tunamngoja."

"Asante, baba. Na wewe nenda polepole."

Akacheka. "Mwalimu nawe! Hii kitu haingoji mtu." Akapiga bati la gari letu kwa kiganja kutuaga, akarudi kwenye pikapu yake. Alisema kwa upendo. Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Tulipofika Meru mjini tulibadilisha gari, na Nkubu tukashuka kunywa chai. Kwa yule anayetaka habari za chakula: chai ya maziwa iliyochemka vizuri na chapati mbili nzito. Mama Kathure alizila zote, maana mimi zilikataa kushuka. Tukiwa pale, kijana wa meza ya pili akanyoosha shingo kuangalia kiondo.

"Mathe, hiyo muguka unauza?"

Jamani, mtu wa Igembe ukimwambia miraa yake ni muguka, yale majani ya bei rahisi ya huko Embu, umemtukana yeye na babu yake. Nilisahau shida zangu zote. Nikamweleza yule kijana tofauti ya miti hiyo miwili kama niko mbele ya darasa, na chaki nikawa naitafuta kwa mkono. Akaomba msamaha. Kisha akauliza, "Sasa, hii ambayo si muguka, unauza?" Mama Kathure akacheka mpaka chai ikamwagikia shuka lake. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu ajali, halafu nikamkumbuka Kirimi na ukuta wake nikaona aibu.

Udongo wa Chuka

Mvua ilikuwa imenyesha siku zilizotangulia, na mbele kidogo ya Chuka ukingo wa barabara ulikuwa umeporomoka. Udongo mwekundu, mawe na mgomba mzima vilikuwa vimelala katikati ya lami. Lori la mbao lilijaribu kupita kando likazama, na sasa hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Tingatinga linakuja, tukaambiwa. Linakuja. Tuliambiwa hivyo tangu jua liko utosini mpaka lilipoanza kushuka nyuma ya mlima.

Watu walishuka wakakaa kwenye majani. Wauza ndizi wakatokea, sijui hutokea wapi. Mama Kathure akapata mkutano wa injili alioupenda, akaanza kuhubiri, na wanaume fulani wakaanza kukizunguka kiondo changu wakidhani mimi ni mfanyabiashara aliyekwama na atauza kwa hasara. Nilikikalia. Kusema kweli, nilikikalia nusu, nisilivunje bunda. Kila mara nilikuwa nikiinua leso nione kama majani yamesinyaa, maana ncoolo iliyokauka ni tusi. Nikachota maji mferejini, nikanyunyiza. Hebu fikirieni: siku nzima wasiwasi wangu wote ulikuwa juu ya majani ya mgomba.

Jua lilipokaribia kuzama dereva alituambia kila mtu ajitafutie. Tukasikia kwaya ikifanya mazoezi katika kanisa dogo juu ya barabara, tukapanda huko. Aliyekuwa akiiongoza ni mama mnene mwenye duka la vitambaa mjini, Mama Kageni, mtu wa amri nyingi. Hakutuuliza sisi ni wa dhehebu gani. Alituuliza kama tumekula, akamwambia mume wake atangulie akaongeze maji kwenye sufuria. Tulipewa mukimo wa moto, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na mboga za malenge, na safari hii chakula kilishuka.

Mama Kageni alipokiona kiondo aliuliza, "Na hii?"

"Ni heshima yetu, ya kupeleka kwa wafiwa."

Akafunua leso, akaniangalia, akaangalia tena bunda. "Haya. Nyinyi ndio mnajua." Akatuma majani mapya ya mgomba yakatwe, akalifunga upya na kulilaza mahali penye baridi. Mimi nilidhani anasifu.

Jina

Asubuhi, kabla ya chai, familia ile huketi pamoja kuomba. Mama Kathure alikuwa amekwisha kusafisha koo, lakini mwenyeji alimwahi.

"Mwalimu, huyu mama mnayemwendea, anaitwa nani? Nataka kumwombea yeye."

Nilifungua mdomo. Jina la marehemu nilikuwa nalo, lilisomwa kortini. Jina la wakili nilikuwa nalo, hata jina la askari aliyeandika maelezo. La yule mama sikuwa nalo. Nilikuwa nimevuka milima yote hiyo kwenda kuketi mbele ya mtu ambaye sikuwahi kumwuliza jina, na mbaya zaidi, ambaye tangu siku ya ajali sikuwahi kumwombea hata mara moja. Ilikuwa ni Kirimi, Kirimi, Kirimi.

"Sijui," nikasema.

Mama Kageni hakunilaumu. Alifumba macho, akasema, "Baba, wewe unamjua. Ameamka kitanda kikiwa nusu tupu. Mfariji kabla hawa hawajafika." Akasema amina. Yalikuwa maombi mafupi mno, na Mama Kathure akabaki ameinamisha kichwa akingoja mengine.

Mimi nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kelele, kwenye nyumba ya watu, mbele ya chai ya watu. Kisha, wenzangu, maneno yakaja. Nilimwombea yule mama nisiyemjua: shamba lake, watoto wake kama anao, usiku wake. Kadiri nilivyomwombea yeye ndivyo kifua kilivyofunguka. Nimejifunza dini tangu nikiwa msichana na nilidhani faraja huja mtu akizungumziwa shida yake mwenyewe. Asubuhi ile ilikuja nilipoiweka yangu kando. Sijui kuieleza zaidi ya hapo.

Runyenjes

Udongo ulikuwa umeondolewa. Tukavuka bonde la mto Thuci, tukaingia nchi ya Embu, na kabla ya saa ya chakula tukashuka Runyenjes. Ilikuwa siku ya soko. Boda boda zinaingia zimebeba magunia ya parachichi, ndizi, kuku wamefungwa miguu kwenye usukani. Nilimwuliza mwendeshaji mmoja kama anajua nyumbani kwa yule baba aliyegongwa na gari la miraa.

"Kwa Mama Njeru? Nani hajui? Nyinyi ni watu wake?"

"Tunakwenda kumwona," nikasema. Mama Njeru. Nililirudia jina njia nzima, kati ya chai upande huu na kahawa upande ule, mpaka tukasimama langoni.

Aliyetupokea ni mwanamume mrefu mwenye panga mkononi, alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa Nyaga, ndugu wa marehemu. Nilimwambia mimi ni nani. Hakuinua panga, wala hakuliweka chini.

"Mmetumwa na wakili."

"Hatujatumwa na mtu."

"Kila mtu anayekuja hapa ametumwa. Kama mnataka kesi iondolewe, mama, mmepoteza nauli."

"Kesi iendelee. Mimi nimekuja kumpa pole Mama Njeru."

"Nyaga," sauti ikasema kutoka kwenye kahawa, "waache wakae."

Nilitarajia mama wa umri wangu. Aliyetokea ni mwanamke kijana, amefunga kikapu cha kuvunia kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alifungua kikapu, akanawa, akatuletea viti nje na akatumiminia chai bila kutuuliza, kama wanavyofanya watu wetu hata kwa adui. Tukaongea Kiswahili, kwa sababu Kimeru chetu na Kiembu chao vinakaribiana lakini katika jambo kama lile hutaki neno lolote lipotee.

Nikafanya kama mzee alivyonifundisha. Nilitoa bunda, nikaliweka kwenye nyasi mbele yake kwa mikono miwili, nikanyamaza.

"Hicho ni nini?" Nyaga akauliza.

"Ni ncoolo. Kwetu mtu akija kuomba asikilizwe, analeta..."

"Ni miraa?"

"Ni miraa."

Panga likaanguka. "Mmetuletea *miraa*? Hapa? Kwa huyu?"

Hapo ndipo nilipoona. Ningesema wallahi kama ningekuwa Mwislamu. Mzee M'Ithinji hakuona, Mama Kathure hakuona, mimi mwalimu mzima sikuona. Kijiji kizima kiliniaga kikinisifu. Kwetu miraa ni karo, ni posa, ni heshima, ndiyo inayotufungulia kila mlango. Haikutujia hata kidogo kwamba kwa mama huyu ni kitu kimoja tu. Nilimkumbuka Mama Kageni na "nyinyi ndio mnajua" yake. Nikapiga magoti kwenye nyasi nilichukue lile bunda nilifiche, na Nyaga anapaza sauti kwamba tuondoke na takataka zetu.

"Wacha," Mama Njeru akasema. "Nataka kuiona."

Akalivuta bunda kwake. Akafungua kamba, akafunua majani ya Chuka, moja baada ya lingine, akatoa kijiti kimoja chekundu akakishika kwenye mwanga.

"Hii ndiyo ilikuwa inawahishwa?"

"Ndiyo."

"Ikichelewa inakuwaje?"

"Inakauka. Hainunuliwi."

"Basi?"

"Basi," nikasema.

Alikizungusha kile kijiti kati ya vidole. "Ile siku zilimwagika barabarani," akasema. "Nilikimbia kutoka hapa na gumboti za kukamulia miguuni. Mimi natafuta leso ya kumfunikia Baba Njeru, watu wananipita wanaokota hii. Mmoja aliniambia, mama, sogea, umekanyaga. Nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hiki watu wanaokota. Sijawahi kuishika."

Mama Kathure alikuwa analia kimya, yeye asiyewahi kuwa kimya. Mimi nilibaki pale pale kwa magoti.

"Mama Njeru," nikasema, "pole. Aliyeendesha gari lile mimi ndiye niliyemzaa. Nimekuja kukuambia hivyo kwa mdomo wangu, na kitu hiki sikujua ninachokileta. Nisamehe kwa hiki pia."

"Anaitwa nani, mwanao?"

"Kirimi."

"Anafanya nini sasa?"

Sikutaka kusema. Sikwenda kule kumlilia mtu aliyefiwa kwamba wangu yu hai lakini hali vizuri. Lakini aliniuliza, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa. Nikamwambia yupo chumbani, anaangalia ukuta, amekataa chakula.

Nyaga akasema kitu kwa Kiembu. Mama Njeru alinitazama mimi.

"Mama Kirimi, nitakuambia ukweli, na umpelekee kama ulivyo. Sijamsamehe. Kila asubuhi namwambia Mungu nataka kusamehe, na kila asubuhi naona sijafika. Kule kanisani waliniomba nisimame mbele niseme nimesamehe, nikakataa, siwezi kudanganya nikiwa madhabahuni. Labda nitafika, labda itachukua maisha yangu yote. Lakini ale. Mwambie ni mimi nimesema ale. Nimemzika mmoja, sitaki wa pili afe kwa ajili ya barabara ile ile."

Mama Kathure aliinuka kwa mazoea, akakunja mikono tayari kuomba. Mama Njeru akamgusa bega. "Leo nitaomba mimi." Aliomba kwa Kiembu, taratibu, mengine niliyashika na mengine yalinipita. Aliomba mvua ipungue kahawa isianguke. Alimtaja Njeru na dada yake. Nikadhani amemaliza. Kisha nikasikia jina la mwanangu katika kinywa chake, "Kirimi", mara moja, na amina.

Nyaga aliokota lile bunda akawatupia mbuzi, wakalitafuna lote na majani yake. Wakati wa kuondoka ni yeye aliyetusindikiza hadi barabarani akatusimamishia gari. Hakutupa mkono, na mimi sikuutarajia.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na kisa. Barabara ilikuwa wazi, na Mama Kathure aliliombea gari kwa sentensi moja tu mpaka nikamwuliza kama ni mgonjwa.

Mzee M'Ithinji alikuwa ananingoja langoni. "Lilifunguliwa?"

"Lilifunguliwa, baba."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake."

"Basi mmesikilizwa," akasema, akaenda zake ameridhika. Ya mbuzi sikumwambia.

Kirimi alikuwa kama nilivyomwacha. Niliketi kando ya kitanda chake nikamweleza yote, bila kuruka: Nyaga na panga, bunda, watu wakiokota miraa barabarani, "mama, sogea, umekanyaga." Nilijiuliza kama ninammalizia mtoto kabisa. Lakini yule mama aliniambia nipeleke ukweli kama ulivyo, na nilikuwa nimemwitikia kwa kichwa.

Alipogeuka kutoka ukutani nilishtuka.

"Alisema hajanisamehe?"

"Alisema hajafika. Anamwomba Mungu kila asubuhi, na hajafika."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Akasema ule. Na akakuombea, kwa jina."

"Nyinyi wote mmekuwa mkiniambia yamekwisha."

"Najua."

"Mimi ninamwona yule baba na mtungi wake kila nikifumba macho, na nyinyi mnaniambia yamekwisha. Nikasema basi hata Mungu mnayemzungumzia hakuwepo pale barabarani." Akajifuta uso kwa mkono mzima. "Huyu mama anasema hayajakwisha."

"Hayajakwisha, mwanangu."

"Na bado ananiombea."

"Bado."

Alikaa kitandani, akaweka miguu chini. Alikuwa amekonda, jamani, magoti kama ya kuku. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuna chakula?"

Mkiniuliza kama tumesamehewa, jibu ni hapana, bado, na kila asubuhi nakutana na Mama Njeru kwa Mungu, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mkituombea, anzeni na yeye. Lakini jioni ile sikuwa na mawazo hayo yote. Nilikimbia jikoni. Kulikuwa na githeri ya jana, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria, imeganda, na niliogopa kwamba nikiwasha moto kuipasha atabadilisha nia. Nikampelekea baridi vile vile na kijiko, nikasimama mlangoni nikilia, na mwanangu akala.